Jina Nililojipa Badala ya Namba

Shoga, nimejifungia stoo ya kliniki, nimekalia boksi la glovu.

Unakumbuka meneja alisema namba za simu basi, kila mfanyakazi achague jina rahisi kwenye app ya meseji, mgonjwa aliandike tu na ujumbe ufike? Mimi nikaweka mke_wa_daktari. Utani wetu mimi na wewe. Nilijua nitalibadilisha.

Leo meneja kayachapisha majina yote, kayabandika mapokezi. MAPOKEZI, shoga.

Na nani kaja kung'olewa jino? Mama yake daktari. Yule anayelalamika kila siku kwamba mwanawe hataki kuoa. Kavaa miwani, kasoma huku kidole kikishuka mstari kwa mstari, kafika kwangu. Kisha kamgeukia daktari: "Umeoa, mwanangu, na mimi sijaambiwa?"

Eti hajaambiwa, shoga.

Daktari kaangalia karatasi. Kaniangalia mimi. Akasema, "Mama, hata mimi ndiyo naambiwa sasa hivi."

Nikatoka mbio.

Ngoja, ujumbe umeingia. Mama huyo. Hata namba hakuhitaji kuomba, jina limemtosha:

"Mkwe, toka huko uliko. Jino linaniuma na mumeo anacheka tu, koleo limemshinda kushika."