Nusu Kopo la Poda

Kasenga, Uvira

Mjukuu wangu Neema,

Minye koko yako, bibi yako, bado ninapumua. Mama yako anakohoa kidogo, na ziwa limepanda tena hadi kwenye nyumba za majirani. Umeniuliza kama minye pia niliwahi kuanguka ekzame ya Leta, ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari.

Nilitaka kuwa mwalimu. Siku ya matokeo redio ilisoma "Feza", mama yangu akapiga vigelegele na kunimwagia poda kichwani, kama wanavyofanyiwa waliopata diplome. Nilizunguka Kasenga nzima nikiwa mweupe, watu wakinipigia makofi. Jioni mwalimu wetu akaja mlangoni.

"Pole, Feza. Ile jina ni ya Feza mwingine, haiko yako."

Mama hakulia. Alifunika kopo la poda lililobaki nusu, akaliweka juu ya kabati.

"Hii nusu ni ya mwaka kesho," alisema.

Mwaka uliofuata nilisema nina kazi nyingi shambani. Uliofuata tena, niliolewa. Ukweli ni kwamba niliogopa yale makofi kuliko ekzame. Kila nilipokwenda kumsalimia mama, kopo lilikuwa palepale, limefutwa vumbi. Hakuniuliza hata siku moja.

Tulipokwisha kumzika mama, nililifungua lile kopo. Poda ilikuwa imeganda kama chokaa.

Weye umeanguka mara moja. Sikusukumi urudi, wala sikukatazi. Ila leo asubuhi nilipita dukani, nikanunua kopo jipya. Liko juu ya kabati. Vumbi nitalifuta minye mwenyewe.

Koko yako,
Feza