Papa, Lori Lako Limeacha Kudondosha

Likasi, Jumapili, tarehe nane mwezi wa sita. Asubuhi ilikuwa ya baridi, mbingu bila wingu hata moja, upepo mwembamba kutoka upande wa Kambove; vumbi kwenye kioo cha lori linaandikika kwa kidole.

Mpendwa Papa,

Leo sikuandika kwenye daftari langu la kila siku. Habari hii ina mtu wake, na mtu huyo ni wewe, hata kama misimu miwili ya mvua imepita tangu tulipokuzika.

Unakumbuka mlango wa shule yangu ya sekondari? Kila uliponishusha, lori liliacha doa jeusi palepale, na wasichana wa darasa langu walipiga kelele, «Kamyo ya kina Béa inakojoa!» Siku moja sista alitoka nje na kukuambia kwamba hapo ni nyumba ya Mungu. Ulishuka na ndoo ya mchanga, ukafunika doa taratibu, ukasema, «Sista, uisamehe tu, ni muzee.» Sista alicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Kila asubuhi ulivuta kijiti cha kupimia oili, ukakifuta kwenye kiganja chako na kunionyesha. «Ona, Béa. Inakunywa kama mujomba yako.» Kisha ulimimina oili, ukafunga kifuniko, tukaondoka. Sikuwahi kukusikia ukiuliza oili inatoka wapi. Ulisema injini imezeeka, na sisi sote tukakubali.

Ulipoondoka nilishika usukani mimi. Nabeba chokaa kutoka Kakontwe hadi kwa wajenzi wa hapa mjini, safari mbili kwa siku, na kazi hiyo naipenda kuliko nilivyowahi kukuambia. Lakini mwaka huu kuvuja kulizidi. Wiki iliyopita Fundi Kalenga aliingia chini ya lori, akatoka akitikisa kichwa. Kwa maneno yake, ule mpira wa nyuma ya injini umekwisha, ule wanaouita spi, na ili kuubadilisha lazima injini yote ishuke. Hatuna namna ya kufanya kazi hiyo.

Yaya Serge, kaka yangu na mwanao wa kwanza, ndiye anayeamua juu ya vitu vyako sasa. Hakuchelewa. Alipata mtu wa Kambove anayetaka kulinunua lori ili alikate vipandevipande.

«Mudogo, kamyo imekufa. Tuizike.»

«Haijakufa, yaya. Inavuja tu.»

«Njo vile kufa kunaanzaka.»

Akasema mnunuzi atakuja Jumapili baada ya misa. Nilimwomba aniachie Jumamosi nzima bila kunisumbua. Lori likienda, Papa, na kazi yangu inaenda nalo, na mimi nabaki kukaa uani nikichambua mboga na Mama. Yaya aliinua mabega. Kwake hiyo ilikuwa ruhusa.

Ijumaa jioni nilifungua daftari zangu. Unajua tabia yangu. Ulikuwa unanicheka kwamba naandika hata siku ya kukata kucha. Kila nilipoongeza oili nilikuwa nimeandika, na pia safari ya siku hiyo. Nilisoma kurasa za mwaka mzima, nikaona kitu ambacho sikukiona nilipokuwa nikiandika. Lori likilala siku tatu bila kuwashwa, halidondoshi. Likishuka tupu, linadondosha kidogo. Likipanda mlima na mzigo, linamwaga. Nilijiuliza: kama mpira umekufa, mbona haumwagi hata lori likiwa limelala?

Jumamosi niliosha injini kwa sabuni ya unga na burashi hadi ikang'aa, nikaiacha ikauke juani. Halafu nilijaza chokaa laini ya Kakontwe ndani ya soksi, nikaipigapiga juu ya injini mpaka yote ikawa nyeupe. Oili ikipita juu ya chokaa haiwezi kujificha. Fundi Kalenga alikuwa anapita njiani, akasimama.

«Béa! Unapakaa injini poda kama mutoto ametoka kuoga?»

«Fundi, ukae uone.»

«Miye siendi misa ya kamyo,» akasema, lakini akageuza ndoo na kukaa.

Niliwasha, nikaiacha ingurume, nikakanyaga mafuta kidogo. Baada ya dakika chache mstari mweusi ulitokea juu, chini ya kifuniko kikubwa. Mwingine ukatokea ubavuni. Wa tatu ukatoka nyuma, pale pa spi. Fundi aliinuka kwenye ndoo. Mpira mmoja hauwezi kuvuja sehemu tatu. Nikafungua kifuniko cha kumiminia oili, injini ikiwa inanguruma bado, na hewa ya moto ikatoka kwa nguvu hadi ikausukuma mkono wangu.

«Haipumui,» nikasema.

«Haipumui!» Fundi akarukia chini ya lori bila hata kuvua koti.

Unalijua lile bomba dogo linaloshuka kando ya injini, linalotoa hewa ya ndani ili isijae na kusukuma oili nje. Mdomo wake wa chini ulikuwa umefunikwa na uchafu mweusi mgumu kama lami. Niliukwangua kwa bisibisi. Chini ya uchafu kulikuwa na waya, umefungwa mizunguko mitatu, na chini ya waya kulikuwa na kitambaa kilichosokomezwa ndani. Nilikivuta. Kilitoka kirefu, cheusi, kinanuka. Nikakiosha kwenye ndoo, na katikati ya ule weusi yakatokea maua ya njano na ndege wa kijani wa kitenge.

Mama alikuwa mlangoni.

«Ile kikwembe yangu!»

Papa, tulisimama wote watatu tukitazama kitambaa. Mizunguko mitatu ya waya, ncha imekunjwa ndani ili isikwaruze mtu. Hakuna mwingine aliyefunga hivyo ila wewe. Ndipo nikakumbuka mwaka ule malori makubwa ya mgodi yalipoanza kupita barabara ya Kambove, vumbi likawa ukungu, na wewe ukawa unasema vumbi litaiua injini yako. Ulifunga kila tundu. Madirisha uliyabandika mpira. Mimi ulinifunga leso puani. Na injini nayo uliifunga pua.

«Mama Odile!» Mama akashika kichwa, akitazama upande wa nyumba ya jirani. «Miaka yote niko namuitaka Mama Odile mwizi! Siku ile nguo zilikuwa kwa kamba, yeye njo alipita!»

«Sasa utamuambia nini?» Fundi akauliza.

«Nitamuambia mwizi alikuwa analala kwangu.»

Tulicheka hadi Fundi akashika mbavu. Alisema ulimshinda: ulimficha ugonjwa wa injini akiwa anakutazama machoni. Kisha akakata gasketi mpya ya kifuniko cha juu, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imegawanyika kwa kusukumwa, akaifunga kwa mkono wake. Tukafuta ile mistari, tukapaka chokaa upya, tukapakia magunia ya chokaa yaliyobaki uani, nikapanda mlima wa kwenda Kambove na kurudi. Chokaa ilibaki nyeupe ubavuni, na nyuma pia. Jioni nikatandika katoni safi chini ya injini.

Leo yaya Serge alifika na mnunuzi, amevaa shati lake la misa. Nilivuta katoni nikamwonyesha. Ilikuwa na madoa mawili, kila moja dogo kuliko punje ya hindi. Yaya alipiga magoti vumbini, akapitisha kidole chini ya injini, akakitazama, akakipitisha tena. Nikamweleza yote, na Mama akaongeza pale nilipotaka kukusitiri kidogo.

Mnunuzi aliomba niwashe. Alisikiliza, akazunguka, akapiga bodi kwa kiganja.

«Sasa njo naitaka kweli,» akasema. «Nitaongeza.»

Hapo nilizima injini, Papa. Nimelitengeneza ili lisiuzwe, kumbe nimelifanya liuzike. Yaya hakunitazama. Alifuta kidole kwenye suruali yake nzuri, na Mama hakumkemea.

«Weye ulikuya kununua kamyo ya kufa,» yaya akamwambia mnunuzi. «Ile haiko tena hapa.»

Mtu wa Kambove alicheka, akapewa chai, akaenda. Yaya alibaki uani kwa muda mrefu. Mwishoni akauliza kesho napita saa ngapi, kama naweza kumshusha kazini.

Nataka ujue kwamba sikukasirika. Ulikuwa na hofu juu ya kitu ulichokipenda, ukakiziba. Mimi ningeweza kufanya hivyo hivyo, na pengine kuna mahali nimefanya bila kujua. Injini ilisubiri tu mtu atoe kitambaa. Mama amekifua mara mbili na kukianika. Anasema atampelekea Mama Odile akione kwa macho yake, pamoja na unga wa mahindi na kuku.

Pumzika vizuri, Papa. Nimepima oili kabla ya kuingia ndani, iko palepale ilipokuwa asubuhi.

Ni mimi binti yako, ninayeendesha sasa.

Saa tatu na robo usiku. Nazima taa.