Mzigo Uko Nyuma

Jumapili, 8 Juni 2025

Limekuja. Karavani, nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari! Mume wangu, Ulimboka, analiita "nyumba yetu ya pili." Ya kwanza tumepanga, lakini haya.

Limeziba uwanja wote wa mbele na dirisha la sebule. Sasa mchana ni lazima niwashe taa. Ndani linanuka unyevu na mbwa wa mtu. Vitanda viwili, jiko la gesi, sinki ya kunawia mkono mmoja kwa zamu. Binti yetu Atupele ameshachagua kitanda. Nimemwambia kwa Kiswahili atoke akale, amenijibu kwa Kiingereza kwamba anaishi humo sasa. Alivyofurahi, na mimi nikajikuta nafurahi.

Mzee Jaswant, jirani yetu, amekuja na kikombe chake cha chai mkononi. Ni Singasinga wa Nakuru, yuko hapa Hayes, London, tangu ujana wake, na Kiswahili chake bado ni kile cha dukani kwa baba yake. Naye ana karavani uani, kubwa kuliko letu, nyasi zimeota mpaka zimefunika magurudumu. Amelizunguka letu, amegonga matairi kwa kiatu. Akamuuliza Ulimboka kama amewahi kuvuta kitu. Ulimboka akasema siku hizi hakuna mtihani wa ziada, leseni ya gari inatosha. Mzee akasema, serikali imekubali, lakini wewe enda uulize barabara. Kisha akanywa chai yake.


Jumanne, 10 Juni

Nimejua sasa karavani ni la nini. Si la mapumziko. Ni la harusi ya Victor.

Victor ni mtoto wa mama mdogo wa Ulimboka. Baba yake hayupo duniani, na huku Uingereza hana mkubwa mwingine. Kwa hiyo tarehe 28, kule Bristol, Ulimboka ndiye atasimama kama baba. Na kamati imemkabidhi vyombo na chakula. Ann, mwenyekiti wa kamati, ametangaza kwenye WhatsApp kwamba London nzima mizigo ipelekwe Hayes. Watu wamejibu kwa vidole gumba.

Nimemuuliza Ulimboka mwenyewe kwa nini hakuniambia. Amesema alitaka iwe sapraizi. Nimesapraiziwa.


Jumamosi, 14 Juni

Leo tumekwenda majaribio, mpaka Maidenhead na kurudi. Nitaandika yote.

Asubuhi Ulimboka alipakia jenereta la kanisa na magunia ya mkaa. Yote nyuma kabisa, chini ya dirisha la nyuma. Nikamwuliza mbona pote pengine pako wazi. Akanieleza kwa upole, kama mwalimu. Alipokuwa kijana alikuwa anaendesha pikapu ya mjomba wake kule Tukuyu, kushusha ndizi. Mvua ikinyesha, tope mpaka magotini, pikapu isiyo na uzito nyuma haipandi mlima, inateleza tu. Wenye akili walikuwa wanaweka mawe nyuma wakikosa ndizi. Uzito nyuma ndio usalama, mama Atu. Hilo analijua kwa mikono yake mwenyewe, na kweli analijua, mjomba hakuwahi kupoteza hata mkungu mmoja.

Tukaenda. Mshale wa dizeli ulikuwa unashuka huku nautazama. Ulimboka akasema ni kuzoea tu, sijui nani azoee, yeye au tangi.

Kwenye barabara kuu ya M4 tulikuwa sawa kwa muda. Halafu lori likatupita. Nikasikia kiti changu kinavutwa kushoto. Kisha kulia. Nikatazama kioo cha pembeni, karavani likatokea upande wangu, likapotea, likatokea tena. Kitu kizito kinatutingisha kwa nyuma, na sisi wenyewe tumo mbele tumefunga mikanda. Ulimboka alishika usukani kwa nguvu, akapunguza mwendo, likatulia. Akasema ni upepo wa lori.

Atupele aliuliza kwa nini nyumba inatikisa mkia.


Jumatatu, 16 Juni

Nimemwambia Mzee Jaswant. Sikukusudia, nilikuwa natoa taka tu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akarudi na mizani ya bafuni na kipande cha mbao.

Karavani tulikuwa tumeshalifungua kutoka kwenye gari, na ule mzigo wa Jumamosi ungali ndani. Akaweka mizani chini ya ile pua ya mbele, ile inayokalia chuma cha gari, akasimamisha mbao juu yake, akateremsha pua taratibu. Mshale ulisogea kidogo tu. Paka wa pale kona ana uzito zaidi. Mzee akasema pua inatakiwa ilalie gari kwa uzito wa mtu mzima. Vitu vizito vikae katikati, juu ya magurudumu, chini sakafuni. Ukiweka nyuma, mkia ndio unakuwa dereva.

Jioni nimemweleza Ulimboka. Akatoka, akainua pua ya karavani kwa mkono mmoja, akanionyesha. Amefurahi! Ona ilivyo nyepesi, gari halipati shida, hata dizeli tutaokoa. Nikasema mzee anasema wepesi huo ndio ubaya wenyewe. Akacheka. Karavani la Jaswant lina nyasi mpaka madirishani, akasema, halijatoka uani miaka na miaka, sasa huyo ndiye anifundishe kuendesha? Na tope la Tukuyu amelionea wapi?

Ni kweli halijatoka uani.


Jumanne, 24 Juni

Leo nimemuuliza mzee kwa nini halijatoka.

Amesema walikuwa wanarudi kutoka Wales, yeye na mkewe, mteremkoni. Walikuwa wamenunua vigae vya bafu kwa bei nzuri, wakavipakia nyuma. Likaanza kutikisika. Akakanyaga breki, maana nani hakanyagi breki. Karavani likawapita, anasema, aliliona kupitia dirisha la mkewe likija mbele kana kwamba linataka kuongoza. Kisha wakawa wanatazama walikotoka. Mkewe alipona, lakini hakukaa tena kiti cha mbele mpaka alipokufa. Yeye alilinyoosha, akalipaka rangi, akaliegesha.

Mwisho akaniambia, "Mama, mimi si mwoga. Mimi nimeona tu."

Ulimboka nimemsimulia wakati wa kula. Aliacha kutafuna. Nilidhani limeingia. Halafu akasema, bila shaka mzee alikuwa anakimbiza gari.


Alhamisi, 26 Juni

Mizigo imeanza kuja. Sufuria zile za kuingia mtoto. Mchele magunia. Kreti za soda. Maboksi ya ndizi kutoka Southall. Spika mbili, kila moja ni kabati. Kila anayeleta anasema ni kitu kidogo tu, na kila mmoja anapewa chai. Hakuna anayeambiwa hapana. Wewe utamwambia nani hapana, wakati mtu ametoka Kenton kwa mabasi mawili na kreti mkononi?

Ulimboka anapokea kwa mikono miwili. Nimemwona leo alivyosimama mlangoni, amenyooka. Kazini wanamwita kwa namba ya forklifti yake, ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Hapa anaitwa mzee. Nampenda akiwa hivyo, ndiyo maana naogopa.

Nyuma kumejaa hadi dirishani.


Ijumaa, 27 Juni

Nimeomba ruhusa kazini, nimesema naumwa. Ulimboka alipotoka tu, mimi na Atupele tukaingia kwenye karavani. Tumevuta magunia moja moja mpaka katikati. Jenereta tumeliburuta juu ya zulia. Spika tukazilaza sakafuni juu ya magurudumu. Kidole cha Atu kimebanwa, hakulia. Mzee Jaswant alileta mizani yake bila kuitwa, mshale ukapanda vizuri, akatikisa kichwa kukubali. Nikahisi mwili wote umepoa. Nikapika hata chapati.

Amerudi na Ann na watu wawili wa kamati, wamekuja kukagua. Akafungua mlango. Akatazama. Hakuuliza ni nani.

Sijawahi kumwona hivyo. Alivua koti, akaingia, akaanza kurudisha kila kitu nyuma, gunia kwa gunia, mbele ya wale watu. Ann akanitazama mimi, halafu akatazama simu yake. Nikasema, baba Atu, tafadhali. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mama Atu, usiniaibishe mbele ya kamati."

Alipobeba spika ya mwisho kwenda nyuma, ile pua ya mbele iliinuka yenyewe kutoka chini. Polepole. Ikasimama hewani. Kila mtu aliiona. Ann akacheka akasema karavani linataka kuruka. Wakacheka wote, na Ulimboka naye akacheka, akatoka, akaikanyaga kwa mguu ikashuka, akaifunga kwenye gari.

Mzee Jaswant hakucheka. Aliokota mizani yake akaenda kwake.

Sitaki kwenda kesho. Lakini nikibaki mimi, Atu ataenda. Yeye ndiye wa kumwaga maua, gauni linaning'inia mlangoni. Afadhali niwemo.


Jumamosi, 28 Juni

Reading. Kituo cha kupumzikia cha M4. Nimekaa kwenye nyasi, naandika.

Karavani lilianza kutikisika hata kabla hatujaizoea barabara. Mara ya kwanza ilikuwa basi la watalii. Likatulia. Mara ya pili hakukuwa na lori wala basi wala upepo, palikuwa na mteremko tu, mdogo, wala huwezi kuuita mteremko. Kulia, kushoto, kulia. Kila mara zaidi. Nikasikia vitu vinaanguka kule nyuma, kishindo juu ya kishindo. Magari yote yakatukimbia, pakawa peupe kila upande. Mtu akapiga honi ndefu. Nikamwambia usikanyage breki, usikanyage, ondoa tu mguu. Sijui kama alinisikia. Atupele alikuwa amefumba macho na gauni lake ameliinua mpaka kidevuni. Hakupiga kelele. Hilo ndilo linaloniumiza, hakupiga kelele.

Likatulia. Tukaja mpaka hapa kwa mwendo wa jeneza.

Mlango wa karavani haufunguki. Spika na jenereta vimeanguka mlangoni, vimejikaza. Tumesukuma wote watatu. Dirisha ni dogo, hata Atu hapiti. Hatuwezi kupanga upya, hatuwezi kushusha.

Nimemwambia Ulimboka tulifungue karavani kutoka kwenye gari. Tuliache hapa, twende na gari. Harusi ni ya watu, si ya sufuria. Amenitazama kama nimesema lugha ngeni. Nifike mikono mitupu? Mimi baba? Watu wamenipa vitu vyao, akasema, niwaambie nimeviacha barabarani? Victor ana nani? Nikasema Victor ana wewe, kama utafika mzima. Ann amepiga simu mara kwa mara. Wapishi wamewasha moto, wanangoja sufuria. Kila simu nasikia sauti ya Ulimboka inabadilika, tunakuja, tunakuja, foleni tu.

Sasa amesema atakwenda polepole. Maili arobaini kwa saa, njia ya kushoto. Huko mbele kote kuna miteremko, mzee alishaniambia, na malori hayapendi watu wa maili arobaini. Nimesema mimi siingii. Na Atu haingii. Kuna treni hapa Reading, tutafika. Nimeshusha begi lake na kikapu cha maua.

Hakubisha. Hilo nalo limenitisha. Akasema sawa mke wangu, mtanikuta. Akaingia peke yake, akafunga mkanda, akawasha gari. Bado hajaondoka. Moshi unatoka. Naona kisogo chake tu, na koti jipya la harusi kwenye kiti changu.

Atupele amekwenda kumpungia mkono. Amerudi mbio. Ameniambia kwa Kiswahili, mtoto huyu ambaye hajawahi kuniambia sentensi nzima ya Kiswahili, "Mama, Baba analia. Asiende peke yake."

Anataka kurudi garini akae naye. Nimemshika mkono. Taa za nyuma zimewaka, karavani limesogea kidogo. Anauvuta mkono wake, ana nguvu kuliko nilivyofikiri, na mimi naandika kwa mwingine