Sikuzaliwa Nimenuna

Baba watoto, na wewe binti yangu,

Maharage hayajaiva, ongezeni maji. Mteja wa gauni la bluu akija, mwambieni bado kulipinda chini. ~~Nitarudi saa saba niwapikie.~~ Nitarudi nikirudi. Chumvi mnajua ilipo.

Asubuhi nilipowaambia narudi kwa daktari kwa ajili ya huzuni yangu, mlicheka. Binti ukasema, "Mama ndivyo alivyo, amezaliwa amenuna." Na wewe baba watoto ukaongeza kwamba mgonjwa hawezi kushona magauni matano kwa wiki. Kweli, nashona. Sijalala kitandani hata siku moja, ndiyo maana hamkuona. Daktari anasema sonona ya aina hii haimwangushi mtu. Inamfuata tu miaka nenda miaka rudi, anakula bila hamu, analala bila kupumzika, mpaka watu wanadhani ni tabia yake. Aliponiuliza ilianza lini, nikamwambia nimezaliwa nayo. Hata mimi nilishaamini ni tabia yangu.

Basi mlipotoka nikapekua kabati. Chini ya kikombe hapa mezani kuna picha niliyoikuta. Huyo aliyevaa sufuria kichwani, anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana, si dada yangu. Ni mimi, miaka tisa iliyopita. Binti, ulikuwa mdogo, nakusamehe. Baba watoto, picha uliipiga wewe.

Mkishamtazama vya kutosha, mrudisheni chini ya kikombe. Ndiye ninayekwenda kumtafuta kwa daktari, mpende msipende.

Mama