Tandiko la Seli Zako

Kaka mpendwa,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako asiyejua kunyamaza. Natumaini barua hii itakukuta una nafuu, na mikono imekuacha walau ukalala. Wifi hajambo? Na watoto je? Waambie shangazi yao yu mzima, ila miguu ndiyo inamlalamikia, maana kazi ya maabara ni kusimama kutwa. Najua utasema fundi cherehani naye mgongo haumwachi. Haya, tumetoka sare.

Uliuliza kile kipande cha ngozi walichokukata mkononi kimefikia wapi. Kaka, ungeona usingeamini! Seli zake tumezigeuza polepole mpaka zikawa seli za neva, zile zinazoamrisha misuli, ambazo ugonjwa huu unazimaliza kwako kama ulivyozimaliza kwa baba. Mwanzoni tulizipanda peke yazo kwenye kisahani. Nikazilisha, nikazibadilishia maji, nikaziweka kwenye kabati la joto kama mayai. Wapi! Zilitoa vijimkia vifupi, zikajikunyata, zikafa. Nilijifungia chooni nikalia. Bosi wetu, mama mmoja asiyecheka hovyo, alinigongea mlango akanipa tishu, akasema nikimaliza nikaoshe vyombo.

Yeye ndiye aliyeleta shauri la seli saidizi. Hizi huishi ubongoni na kwenye uti wa mgongo bega kwa bega na neva, na zamani wataalamu walizidharau, wakaziona gundi tu ya kujazia nafasi. Gundi! Laiti ungezitazama kwenye hadubini, zimetanua vijimikono kila upande kama nyota. Zinailisha neva, zinaiondolea uchafu, na ikitaka kuungana na mwenzake zinaisaidia kumfikia. Tunazipanda hizo kwanza, zitandae chini ya kisahani, kisha juu yake tunamimina neva changa kwa upole kama mtu anayelaza mtoto. Mimi hizi seli nimezivulia kofia.

Tulianza na seli saidizi zako mwenyewe, lakini nazo zina ugonjwa, na neva zilinyauka upesi zaidi. Kisha tukatandika za mtu mzima wa afya. Kaka, neva zako zilisimama! Zilitoa mikia mirefu, zikatafutana, zikashikana, zikaanza kupelekeana umeme. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio akidhani kuna moto. Bosi alitazama, akatazama tena, akasema kwamba sijafanya vibaya. Kwake yeye hiyo ni nishani. Alinionya nisikudanganye kuwa dawa imepatikana, maana safari bado ni ndefu. Ila sasa tunajua pa kuanza kushika.

Sasa kaa vizuri, maana nina neno. Kila ukinipigia simu unaniuliza kama nimepima ugonjwa wa baba, nami nakuzungusha na habari za mvua. Nimepima. Bosi alitaka seli za ndugu wa damu asiye na ugonjwa, na hakuna namna ya kumjua bila kupima. Nilitolewa damu. Majibu yakaja kwamba sina.

Nilifurahi, halafu nikaona aibu kubwa kwa kufurahi. Baba yetu mmoja, na hiyo mikono yako inayotetemeka ndiyo iliyonishonea sare na kunilipia shule. Ningeanzaje kukwambia kwamba mimi nimepona na wewe la? Nikanyamaza, mimi niliye domo kubwa. Nisamehe, Kaka.

Tandiko lililo chini ya neva zako limetoka kwenye ngozi yangu. Kisahani kimebandikwa namba tu, lakini mimi najua: chini ni mimi, juu ni wewe, umenikalia kama ulivyozoea.

Mpe wifi salamu zangu, na unibusie watoto. Siku wakikua wakataka kupima, wasiende peke yao. Nitakuwa nao chumbani, majibu yakisomwa.

Ni mimi nikupendaye,
mdogo wako,
Chiriku