Taa ya Mwisho Upande wa Maji

Papa Zaina,

Jana niliitoa taa yako. Usikasirike kwanza, acha nikueleze.

Unakumbuka hangari la pamba, lile ghala kubwa karibu na bandari? Mimi nalikumbuka kama nililiota. Uhuru ulikuwa wa juzijuzi, watu bado wanaamka wakiimba, nawe ukapewa kazi ya kutia mwanga humo ndani. Ulitundika guloti, ule mfereji mrefu wa chuma wa kulazia nyaya, ukining'inia kwenye fimbo kutoka kwenye paa. Chini yake ukafunga taa za neoni, moja nyuma ya nyingine, kuelekea mtoni. Adhuhuri nilikuletea lituma, ndizi za kupondwa, na samaki. Vumbi la pamba lilikuwa linaelea kwenye jua la dirishani, polepole, wala halitui. Ningekaa pale mpaka leo.

Lakini wewe hukunipa nafasi ya kukaa. "Mama Zaina, weka sahani, simama pale chini, angalia." Maana aliye juu ya ngazi haoni kama mstari umenyooka, anaona pua yake na skrubu. Bon, nikawa macho yako. Nasema, "Upande ya mayi iko chini kidogo." Unapandisha. "Apana, umezidisha." Unanung'unika kwamba hukuoa mke, umeoa msimamizi. Kisha nasema, "Iko sawa. Shuka, ukule." Unashuka. Kila siku nilikuambia shuka, na kila siku ulishuka.

Ulikuwa na kichaa chako pia. Kila tundu ulilotoboa kwenye chuma ulilipiga tupa, halafu ukalizungushia kidole gumba kuona kama lina makali, ndipo ukatia kipete cha mpira na kupitisha waya. Nikakuambia hata mtoto wako humshiki kwa uangalifu namna hiyo. Ulicheka mpaka ngazi ikatikisika, nami nikaikumbatia kwa hofu.

Taa ya mwisho, ile ya upande wa maji, ilifika imechubuka rangi. Ukaileta nyumbani, ukaipaka nyeupe, ukailaza barazani ikauke. Ndipo wakaja wale wenye bunduki. Waasi walikuwa wameshaingia mjini, na mashine yao ya umeme ilikuwa imekufa, wakataka fundi. Uliigusa rangi kwa kidole. "Iko mubichi," ukasema. "Musiiguse, nitarudi kuimaliza." Wakakupandisha kamio, lori lao, likashika barabara ya Bafwasende. Mtoto wetu Zaina alikuwa hata kutembea hajajua.

Sikuigusa. Rangi ilikauka na alama ya kidole chako ndani yake. Zaina sasa anasoma, na kila akitoka kwenda shule alikuwa anaweka kidole chake hapo. Mama yako amekuja na shehe mara nyingi: niingie eda kama wajane wengine, wakusomee khitma, maana katika miaka yote hii hakuna aliyesema amekuona. Nilikataa. Nilisema mtu aliyeacha kazi katikati atarudi kuimaliza. Wakaniangalia kwa huruma, na hiyo huruma yao niliichukia.

Mwezi huu hangari limefunguliwa tena. Juzi fundi mmoja wa Yanonge, mtu mzima mwenye mvi, alibisha hodi. Akasema mstari una pengo mwishoni, na ameambiwa taa iko kwangu. Nilimpa chai, nikamwambia haitoki. Akainywa, akaaga bila kubishana. Nikabaki nayo barazani mpaka jua likaondoka. Niliwaza lile giza upande wa maji, nikajua ungenigombeza kwa kazi kuachwa hivyo. Asubuhi nikaibeba kifuani mpaka bandarini.

Fundi alipiga tupa tundu la waya, akalizungushia kidole gumba kama wewe. Mimi sikumwambia afanye hivyo. Akapanda. Nikasimama palepale.

"Mama, inakaa je?"

"Upande ya mayi iko chini kidogo."

Akapandisha. Mstari ukanyooka. Akauliza tena, nikanyamaza. Jua la dirishani lilikuwa nyuma yake, uso wake sikuuona, na vumbi lilikuwa linaelea vilevile. Nilijua kwamba nisipolisema lile neno, mtu aliye juu anaweza kuwa wewe. Nilikaa hapo kwa muda, Papa Zaina. Nilikaa nawe.

"Mama?"

"Iko sawa," nikasema. "Shuka."

Akashuka fundi wa Yanonge.

Jioni nilimleta Zaina. Taa zikawashwa zote mpaka mtoni, akainua kichwa kutafuta alama ya kidole chako. Iko juu mno, haionekani. Nikamwambia ipo.

Kesho naingia eda. Nimesema mwenyewe kwa mama yako, naye akalia kuliko mimi. Kazi yako imekwisha, na imenyooka, nimeiangalia kutoka chini. Pumzika huko uliko, mume wangu.

Mama Zaina,
yule wako wa chini ya ngazi