Vifungo vya Aminieli

Wifi,

Gari la kunipeleka hospitali limefika ukiwa bado unakata majani ya ng'ombe. Loshoro iko kwenye sufuria. Mwanangu ajipakulie mwenyewe. Akimwaga, kitambaa anajua kilipo.

~~Funga geti asitoke.~~ Hapana, liache wazi. Dukani anakwenda na kurudi peke yake.

Asubuhi nilinyamaza kwa sababu ningelia, lakini nilikuona ukimfunga vifungo vya shati. Mwanaume mzima, ndevu zimemjaa, kasimama mikono chini kama mtoto! Vifungo hivyo tumevihangaikia miaka, mimi na yeye. Aminieli hushika jambo polepole, na akifanyiwa husahau upesi. Najua ni huruma, wifi yangu. Huruma hiyo naiogopa kuliko kisu cha daktari. Nisipoamka, nani atamvalisha hadi uzeeni? Wewe, na magoti yako hayo?

Nimevifungua vyote kabla sijatoka. Akikujia kifua wazi, nakusihi, mgeuzie mgongo, uangalie Mlima Meru mpaka amalize.

Wifi yako,
Mama Aminieli